Chuo Kikuu cha Reli na Mila ya Kusimama Chini

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimehakikisha mwenyewe: nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani darasani kwetu, na pale ambapo ingekuwapo pamebandikwa zamu za kufagia bweni. Kwa hiyo msomaji akimwona humu mtu anayefanana na mjomba wake mwenye cheo, amlaumu mjomba.

Katika nchi hiyo, chuo kikuu cha reli kilitangulia reli.

Ilikuwa hivi. Mfalme Kibwengo wa Pili alikwenda Urusi kutibiwa jongo. Siku moja, akiwa amekaa dirishani na mguu wake juu ya mto, aliona vijana wakipita barabarani wamevaa makoti marefu ya sufu yenye safu mbili za vifungo vya shaba, vinang'aa kama meno ya dhahabu. Akauliza, "Hawa ni askari wa kikosi gani?" Akajibiwa kwamba si askari, ni wanafunzi wa uhandisi wa reli. Mfalme hakuuliza reli ni nini. Aliuliza vifungo vinapatikana wapi.

Alirudi nyumbani na masanduku ya vifungo, marobota ya makoti, kitabu kinene cha kanuni za chuo, na Mrusi mmoja mwembamba aliyeitwa Bwana Ignati, ambaye alikuwa ameambiwa anakwenda kupunga upepo. Kanuni zilitafsiriwa kwa uaminifu mkubwa. Hata baridi ilitafsiriwa. Kwa hiyo wanafunzi wa chuo kile wanatakiwa kuvaa koti la sufu kuanzia Novemba hadi Machi, miezi ambayo kwetu hata mijusi huhamia uvunguni. Ndiyo maana pia kuna Kitivo cha Theluji, ambacho kina profesa, manaibu, maabara, na ndoo moja ya barafu ambayo lazima ifike darasani kabla haijawa maji. Kwa kawaida haifiki. Wanafunzi wa kitivo hicho ni hodari sana kwa kudeki.

Baadaye Mfalme alipinduliwa na Wananchi, Wananchi wakapinduliwa na Kamati, na Kamati ikapinduliwa na mtu mmoja aliyekuwa akiilinda mlangoni. Kila mara chuo kilibadilishwa jina. Kila jina jipya lilichongwa juu ya lango bila kufuta la zamani, kwa sababu Idara ya Ufutaji ilikuwa bado haijapata mkuu. Ukisoma lango lote kwa sauti, unaingia darasani umechelewa. Jina la mwisho ndilo la sasa: Chuo Kikuu cha Mheshimiwa Dereva Mkuu wa Taifa. Mheshimiwa hajawahi kuendesha kitu chochote isipokuwa nchi, na nchi, tunashukuru, haina breki.

*

Kuhusu muundo wa chuo, nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa chuo chenyewe hakikujitahidi.

Muundo umechorwa kwenye ukuta wa ukumbi mkuu. Juu kabisa, karibu na dari, yupo Mheshimiwa. Chini yake Mkuu wa Chuo. Kisha vinafuata vitivo: Kitivo cha Njia, Kitivo cha Madaraja, Kitivo cha Filimbi na Bendera, Kitivo cha Theluji. Chini ya vitivo zimo idara, chini ya idara zimo vitengo, na chini ya vitengo yamo madawati. Ipo Taasisi ya Kuchelewa, inayochunguza kwa nini treni huchelewa, na ambayo haijatoa ripoti. Mchoraji aliposhuka mpaka sakafuni aligundua kwamba wanafunzi hawajapata nafasi, basi akawaandika kwenye ubao wa chini, pale panapogongwa na fagio.

Treni ipo. Ni moja. Ilikuwa zawadi, na imewekwa mbele ya lango juu ya kipande cha reli, ikapakwa rangi ya kijani. Kila Ijumaa wanafunzi huipangusa huku wakiimba. Dereva wake, Mzee Likunga, huiwasha mara kwa mara ili isisahau, kisha huizima.

Lakini fahari ya chuo ni Mila ya Kusimama Chini.

Mila hii aliileta Bwana Ignati. Alisema kwamba kwao, anayechora daraja husimama chini yake treni ya kwanza inapopita. Likishika, anapewa shahada. Lisiposhika, hana haja ya shahada. Yeye mwenyewe alisimama chini ya daraja lake la kwanza, likashika, akapandisha kola ya koti, akaenda zake bandarini, akapanda meli ya kwanza iliyokuwa inaelekea kwenye baridi.

Kwa kuwa treni iliacha kutembea miaka mingi iliyopita, mila ililainika. Daraja likikamilika, maprofesa huenda chini yake na viti. Hukaa kivulini, hunywa soda, hula sambusa, hupunga bendera kuiwakilisha treni, kisha hurudi. Kila daraja unalosimama chini yake hukupa nyota begani. Kwa sababu hiyo kila daraja katika nchi ile, hata lile la mbao la kuvukia mtaro nyuma ya jiko la chuo, limechorwa na maprofesa wote.

Wanafunzi nao hupewa Shahada ya Kusubiri. Inafanana na shahada ya kweli, ila katikati ina tundu la mviringo, ambapo muhuri utagongwa siku treni itakapopita. Wengine wamezeeka nayo. Wajukuu wao huchungulia kwenye tundu.

*

Sasa aingie Siwema Kihampa.

Siwema alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Kitivo cha Madaraja, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyekua na kaka wengi. Sisi wa shule ya bweni ya jirani tulimjua vizuri, maana shule yetu ndiyo imeteuliwa kushangilia katika sherehe zote za chuo, na Siwema ndiye peke yake aliyekuwa akituletea maji tunaposhangilia juani. Alikuwa amepata kazi nchi jirani, ambako treni hutembea bila hotuba. Walimtaka aje na shahada. Aliwatumia Shahada ya Kusubiri, nao wakairudisha wakiuliza kwa upole kama imeliwa na panya.

Basi Mheshimiwa akaamuru kwamba kwa ajili ya jubilei ya chuo lijengwe daraja la reli kwenye Korongo la Ndulele. Maprofesa wakafungua makabati kutafuta mchoro. Walikuta hotuba, salamu za pongezi, picha za sambusa. Mchoro wa daraja ulikuwa mmoja tu: wa Siwema. Wakautwaa, wakaandika majina yao yote juu yake, na jina la Siwema likakosa nafasi kwa sababu za kiufundi.

Kisha kila kitivo kikadai kuchangia. Kitivo cha Theluji kiliongeza ubao ulioandikwa TAHADHARI: THELUJI. Kitivo cha Filimbi kiliongeza filimbi. Mkuu wa Chuo, Profesa Kasulwa, hakutaka kushindwa na filimbi. Akaongeza sanamu ya Mheshimiwa, ya zege tupu, kubwa kuliko nyumba ya mwalimu wetu mkuu, ikasimamishwa katikati ya daraja pembeni mwa reli, kidole kimeelekezwa mbele.

Siwema alipoiona, alikaa chini kwenye majani akapiga hesabu. Kisha akaenda kwa Profesa Kasulwa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Harakisha."

"Lile daraja linaweza kubeba treni."

"Vizuri."

"Linaweza pia kubeba Mheshimiwa."

"Vizuri sana."

"Wote wawili kwa pamoja, hapana."

Profesa Kasulwa aliinuka, akafunga dirisha, akafunga mlango, akaifunika hata birika kwa kitambaa.

"Unasema Mheshimiwa ni mzito?"

"Nasema zege ni zito, Profesa."

"Zege la Mheshimiwa halina uzito. Lina hadhi. Tena treni gani unayoisema, binti? Unaona treni inakwenda mahali? Nenda kapanguse."

*

Siku jubilei ilipotangazwa rasmi tulikuwapo, maana tulitakiwa kushangilia. Mheshimiwa alipanda jukwaani, akahutubia mpaka jua likahama upande, na kwa kuwa alikuwa amefikia mwisho wa karatasi na hakutaka kushuka, aliongeza neno lake mwenyewe.

"Na juu ya daraja hilo," alisema, "treni itapita!"

Tulishangilia. Watu wote walishangilia. Maprofesa nao walishangilia mpaka walipoelewa kilichosemwa, ndipo mikono yao ikaganda hewani kama ya watu wanaopima samaki.

Baraza la chuo lilikutana mchana ule ule. Habari za kikao nilizipata kwa njia halali kabisa, kwani dirisha la ukumbi wao linatazamana na mti wetu wa mapera, na mapera yalikuwa yameiva.

Profesa Kasulwa aligonga meza. "Wenzangu," alisema, "nimeipekua dhamiri yangu, na nimegundua kwamba daraja hili sikulichora mimi."

"Hata mimi," alisema Profesa Ndimbwa wa Kitivo cha Theluji. "Mimi nilisema tu 'hm'. Nilikuwa nakohoa."

"Jina langu ni la tatu!" alilia mkuu wa Filimbi. "Nani kaniweka wa tatu?"

"Ulijiweka mwenyewe," alisema Ndimbwa, "ukanisukuma mimi nyuma."

"Basi nakurudishia nafasi yako, ndugu yangu. Pita."

"Thubutu! Mkubwa hatanguliwi."

"Wewe ndiye mkubwa, mvi hizo zote!"

"Hizi si mvi. Ni theluji. Nimeathirika kazini."

Walibishana hivyo, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa heshima ambayo haijawahi kuonekana chuoni pale, hata mlangoni mwa chumba cha chakula. Mwishowe Profesa Kasulwa akakumbuka kitu, uso wake ukang'aa kuliko vifungo vyake.

"Hivi," alisema, "si kulikuwa na msichana?"

Siwema aliitwa. Alipoingia walisimama wote.

"Karibu, mhandisi!" alisema Profesa Kasulwa.

Siwema akageuka kutazama nyuma yake ni nani anayeingia.

"Ni wewe, mwanangu. Tumefanya haki. Daraja ni lako peke yako, kuanzia msingi mpaka reli, na sote tumetia sahihi kukubali. Utasimama chini yake peke yako. Heshima iliyoje!"

"Na sanamu?"

Maprofesa wakainua macho kukagua dari.

"Profesa, nilikwambia. Ikipita treni na sanamu ikiwa juu, mtanifukua kwa majembe. Iondoeni, nitasimama. Nitasimama hata kwa mguu mmoja."

"Kuiondoa sanamu ya Mheshimiwa ni kumwondoa Mheshimiwa," alisema Ndimbwa. "Kuna adhabu yake."

"Basi njooni tusimame wote. Nyota zenu si za kusimama chini?"

"Mimi nina mgongo," alisema mkuu wa Filimbi.

"Mimi nina mke," alisema mwingine.

"Nisiposimama?" aliuliza Siwema.

Profesa Kasulwa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Basi tundu lako litabaki tundu, mwanangu. Na kanuni inasema anayekataa kusimama hatoki nje ya nchi, asije akatuletea aibu kwa jirani."

Siwema alitoka. Tulimwona akipita chini ya mti wetu, akipangusa macho kwa mkono wa koti la sufu, na jua lile! Mmoja wetu alimtupia pera. Alilidaka, akaliuma, akasema, "Wanaume wazima hao." Kisha akaendelea kutafuna, na ukimtazama ungejua kwamba halifikirii pera.

*

Mkesha wa sherehe, Mheshimiwa alikuja kukagua. Maprofesa walijipanga kwa urefu wa vyeo. Siwema, kama mwenye daraja, aliwekwa pembeni akiwa na shada la maua na onyo asifungue mdomo.

Mheshimiwa aliitazama sanamu yake kwa muda mrefu. Sanamu ikatazama mbele yake.

"Nimefanana," alisema.

Hapo Siwema akamkabidhi maua na kufungua mdomo.

"Mheshimiwa, samahani. Kwenye ukuta wa chuo imeandikwa kwamba wewe ndiye Mhandisi wa Kwanza wa Taifa."

"Ndiyo. Niliidhinisha."

"Na mila ya chuo ni kwamba mhandisi husimama chini ya daraja. Abiria ndiye anayekaa juu."

Profesa Kasulwa alianza kukohoa. Profesa Ndimbwa akampiga mgongoni kuliko ilivyohitajika.

Mheshimiwa alitazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena. Shingo yake ilianza kuvimba.

"Nani," aliuliza taratibu, "ameniweka juu kama abiria?"

Maprofesa wote walikuwa wametia sahihi kwamba daraja lote, kuanzia msingi mpaka reli, hawalijui.

"Mimi, abiria! Kama mwenye tiketi! Nishusheni mara moja! Niwekeni chini, mbele, nafasi ya kwanza!"

Basi tuliitwa sisi wa bweni na kamba. Tulivuta, maprofesa wakavuta, hata Profesa Kasulwa mwenyewe alivuta akitukana kwa Kirusi cha kitabuni. Mheshimiwa wa zege alishuka korongoni kichwa chini miguu juu, jambo ambalo tuliambiwa hatukuliona, kisha akasimamishwa vizuri chini ya daraja, kidole mbele. Siwema alikagua juu, akakagua chini, akashusha pumzi.

*

Siku yenyewe ilifika. Sisi tulikuwa kilimani na bendera. Maprofesa walikuwa kilimani zaidi, nyuma yetu, wametandaza turubai, wakieleza kwamba sayansi huonekana vizuri kwa mbali. Mheshimiwa alikaa chini ya mwavuli. Kule korongoni, chini ya daraja, alisimama Siwema na koti lake la sufu, na pembeni yake sanamu.

Kwa mbali alionekana mdogo sana. Nakiri tuliacha kushangilia. Mwalimu wa zamu alisema, "Shangilieni!" lakini hata yeye alisema kwa kunong'ona.

Mzee Likunga aliiwasha treni kule langoni, mwanzoni mwa reli mpya iliyotandikwa mpaka korongoni. Ilikohoa moshi mweusi, ikashtuka kwamba safari hii haizimwi, ikaanza kwenda. Ilifika darajani. Daraja lilitoa mlio kama mtu mzima anayeketi kwenye kiti cha chini. Vumbi likamwagika. Siwema akainama, mikono juu ya kichwa. Magurudumu yakapita moja baada ya jingine, polepole, mpaka nikatamani kwenda kuisukuma. Kisha mkia wa treni ukatoka upande wa pili, na daraja likabaki pale pale, kama halikuguswa.

Siwema aliinua kichwa. Akalitazama daraja lake kutoka chini, akacheka peke yake, kwa nguvu, mpaka korongo likamjibu.

Hapo ndipo tuliposhuhudia mbio. Maprofesa waliporomoka kilimani, makoti yakipepea, turubai likiwafuata. "Daraja langu!" alipiga kelele Profesa Kasulwa. "Langu la tatu!" alijibu mkuu wa Filimbi. "Hm yangu!" alisema Ndimbwa. Mheshimiwa alipoona watu wanasimama mahali ambapo yeye hayupo, naye akashuka. Wakajipanga wote chini ya daraja, Mheshimiwa katikati, vifungo vikiwaka. Siwema alisukumwa mpaka ukingoni, karibu na sanamu.

Mpiga picha wa gazeti la taifa, Bi Mwatumu, alitega kamera yake. "Jamani tulieni," alisema. "Profesa, tumbo. Mheshimiwa, kidole, kama sanamu yako. Hapo hapo. Msipepese."

Sasa, chuo kile kimefundisha reli kwa zaidi ya kizazi. Kina Kitivo cha Njia na Kitivo cha Filimbi. Lakini katika mipango yote ya jubilei hakuna hata mmoja aliyejiuliza treni ikishapita inakwenda wapi. Ng'ambo ya daraja reli iliishia kwenye chungu ya kokoto. Mzee Likunga aliifikia, akaitazama, akafanya kile ambacho dereva yeyote angefanya. Alipiga honi na kurudi kinyumenyume.

Sijawahi kuona elimu ikikimbia kwa kasi ile. Profesa Ndimbwa alimruka mkuu wa Filimbi. Mwenye mgongo alikimbia kama hana mgongo, na mwenye mke alikimbia kama hana mke. Daraja likaguna, vumbi likamwagika, treni ikapita salama kurudi ilikotoka. Katikati ya yote hayo, Bi Mwatumu, ambaye alikuwa ameshasema "msipepese", alibonyeza.

Siwema hakwenda popote. Alipoulizwa baadaye, alisema, "Lilishashika. Nikimbie nini?"

*

Gazeti lilitoka asubuhi, kabla mkaguzi wa magazeti hajaamka. Ilikuwa picha nzuri sana. Upande mmoja yuko Siwema, ameweka mkono kiunoni. Karibu naye iko sanamu ya Mheshimiwa, imesimama imara, kidole mbele. Na kwingine kote ni migongo ya makoti. Mbele ya migongo hiyo yote, akiwa amewaacha wenzake kwa hatua kadhaa, anaonekana mtu mnene mwenye kiatu kimoja.

Ofisa wa Ikulu alimfuata Siwema bwenini kwake. Alikuwa na jasho.

"Dada," alisema, "wewe ulikuwapo. Treni ilipokuwa inarudi, Mheshimiwa alikuwa wapi?"

Siwema alikuwa anafunga begi ambalo hakujua kama litasafiri, maana hakuna aliyekumbuka kumgongea muhuri. Akaacha.

"Nina kiu ya kukumbuka vizuri," alisema, "lakini kuna tundu linanisumbua."

"Tundu gani?"

Alimwonyesha shahada yake. Ofisa akalichungulia, akamwona Siwema upande wa pili, akaelewa.

Shahada ilirudi jioni ile, imejaa katikati, na muhuri bado una unyevu. Siwema aliisoma yote, pamoja na majina yote ya chuo. Kisha akatoa ushahidi mbele ya waandishi wa habari, mkono juu. Alisema kwamba treni ilipopita mara ya kwanza, na ilipopita mara ya pili ikirudi, Mheshimiwa alisimama pembeni yake bila kutikisika, hakusema neno, na hata vumbi lilipomwingia machoni hakupepesa. Kila neno lilikuwa la kweli. Keshokutwa yake alivuka mpaka, na huko alikokwenda nasikia ameshachora daraja jingine, nao wakamkatalia kusimama chini, wakisema si salama.

Picha sasa imetundikwa katika kila ofisi ya nchi ile, kuwafundisha raia ushujaa. Maprofesa walipokwa nyota kwa kumwacha Mheshimiwa peke yake, kisha wakarudishiwa, kwani hapakuwa na wengine wa kuwapa.

Imebaki kazi ndogo tu. Polisi wanamtafuta yule mtu mnene mwenye kiatu kimoja, aliyeonekana akimkimbia Mheshimiwa, ambaye kwa bahati mbaya anafanana naye sana. Raia yeyote anayemfahamu anaombwa, kwa usalama wake, asiseme.